Nani alimpa Mama wa Taifa kazi?

Hebu nikuulize swali rahisi kabla hujasongesha kidole kwenda kwa video inayofuata. Mkewe Rais hufanya kazi gani? Si Rais, mkewe.

Swali hilo nililirusha juzi ndani ya saluni moja karibu na Muliro Gardens, hapa Kakamega mjini. Dada aliyekuwa akisukwa alisema kazi yake ni kupendeza. Msusi akasema ni kuombea nchi. Kijana wa boda aliyeingia kuchaji simu akasema, "Kula pesa zetu," na saluni nzima ikacheka. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kwenye benchi. Alingoja tumalize kucheka, kisha akasema, "Kazi yake ni kama yangu tu. Unamwambia mzee ukweli usiku, halafu asubuhi mzee anasema ni yeye alifikiria."

Hapo hakuna aliyecheka. Sote tuna mama nyumbani.

Majibu manne, na kila moja lina ukweli kiasi. Lakini hakuna hata moja utakaloliona kwenye Katiba. Katiba ya 2010 inamtaja Rais, naibu wake, mawaziri, magavana, hadi makarani wa Bunge. Kazi ya mkewe Rais haimo. Hapigiwi kura, hapigwi msasa na wabunge, na huwezi kumng'oa kwa hoja ya kutokuwa na imani naye. Hata hivyo ana walinzi, ana wafanyakazi, na kwa miaka mingi alikuwa na fungu lake kwenye bajeti ya serikali.

Sisi wa Kakamega tuna sababu ya ziada ya kuuliza. Mama wa Taifa wa sasa ni msichana wa hapa.

Wa Likuyani, wa Butere

Rachel Chebet alizaliwa 1968 huko Likuyani, ile pembe ya kaskazini ya kaunti yetu ambako ukitaka kwenda mjini, Eldoret iko karibu kuliko Kakamega. Akasomea Butere Girls, shule kongwe ambayo kila familia hapa inajua mtu aliyepitia. Kutoka huko akaenda Chuo Kikuu cha Kenyatta kusomea ualimu. Aliolewa na William Ruto 1991, wakati kijana huyo hakuwa hata diwani. Ndiyo maana kampeni zikifika huku, wanasiasa hawachoki kutukumbusha kwamba tuna mkwe mkubwa.

Mwaka wa 2009, mumewe akiwa Waziri wa Kilimo, Rachel alianzisha shirika la Joyful Women, wengi hulijua kama Joywo. Kazi yake kubwa ni kueneza benki ya mezani miongoni mwa akina mama. Kama hujui hiyo ni nini, basi mama yako hajakuambia siri zake zote.

Acha nikueleze, maana mathe wangu yuko kwenye chama cha aina hiyo. Si cha Joywo, ni cha majirani tu wa mtaa wa Amalemba. Wanakutana Jumapili baada ya kanisa kwenye sebule ya mmoja wao. Kila mmoja anaweka mchango wake juu ya meza, noti na sarafu, mbele ya macho ya wote. Mweka hazina anahesabu kwa sauti. Katibu anaandika kwenye daftari. Anayetaka mkopo anaomba hapo hapo, anasema ni wa nini, wenzake wanamuuliza maswali, wanakubali au wanakataa. Riba inarudi mezani mwezi unaofuata. Ukichelewa mkutano unatozwa faini, hata kama wewe ndiye mwenyekiti. Ndiyo maana inaitwa ya mezani. Pesa hazilali mfukoni mwa mtu.

Chama hicho ndicho kilinipeleka chuo. Baba yangu alikuwa mkulima wa miwa, na unajua yaliyowapata wakulima wa miwa wa kaunti hii. Karo ya mwaka wa kwanza mathe aliikopa mezani. Fomu ya chuo ilisainiwa na baba, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya "jina la mzazi au mlezi" na baba ndiye alikuwa na kalamu. Mwaka wa pili pesa zilikatika nikarudi nyumbani. Mathe aliendelea kulipa mkopo wa kozi ambayo sikuwa nasoma tena. Miezi kumi na minne. Hakuwahi kukosa Jumapili hata moja.

Kwa hivyo nikisoma kuhusu wake wa marais, nasoma nikiwa na mathe kichwani. Kuna mwanamke anayeendesha nyumba bila jina lake kuwa kwenye karatasi. Swali langu ni hili: nyumba hiyo ikiwa Ikulu, nani anashika daftari?

Nyumba ya kwanza

Anza na Mzee. Jomo Kenyatta alioa mara nne. Grace Wahu alikuwa wa kwanza, mama yake Peter Muigai na Margaret, huyo Margaret aliyekuja kuwa Meya wa Nairobi kuanzia 1970. Halafu Edna Clarke, Mwingereza aliyemwoa 1942 akiwa Uingereza na kumwacha huko aliporudi Kenya 1946. Halafu Grace Wanjiku, aliyefariki 1950 akijifungua. Halafu Ngina Muhoho, binti wa Chifu Muhoho, 1951.

Fikiria wewe ni Ngina. Hujafika miaka ishirini. Umeolewa mwaka mmoja tu na mzee aliyekuzidi umri mara mbili na zaidi, halafu usiku wa Oktoba 20, 1952 Waingereza wanakuja kumchukua. Atakaa ndani karibu miaka tisa. Baadaye familia ilimfuata kule Lodwar, kwenye jua kali la Turkana. Uhuru alizaliwa Oktoba 1961, miezi michache baada ya baba yake kuachiliwa.

Mzee alipoingia mamlakani, Ngina akawa Mama Ngina, na barabara zikapewa jina lake Nairobi na Mombasa. Wahu naye aliendelea kuishi maisha yake kimya kimya hadi 2007, na Edna alibaki Uingereza. Nchi ilichagua mmoja wa kumwita Mama. Familia ya Kenyatta leo ni miongoni mwa familia tajiri zaidi nchini, na Mama Ngina ndiye mwanamke pekee Kenya aliyeolewa na rais na kumzaa rais. Ushawishi wake hauna tarehe ya kuanza wala ya kuisha. Hakuna siku aliyoapishwa, kwa hivyo hakuna siku aliyostaafu.

Miaka 24 ya kiti kitupu

Sasa hapa ndipo nilipokwama niliposoma historia. Kutoka Agosti 1978 hadi Desemba 2002, Kenya haikuwa na Mama wa Taifa. Miaka 24. Robo karne!

Daniel arap Moi alimwoa Lena Bomett 1950, mwalimu kwa mwalimu, wakalea watoto wanane. Walitengana 1974, Moi akiwa Makamu wa Rais. Moi alipopanda cheo miaka minne baadaye, Lena alibaki shambani kule Kabimoi, Baringo. Hakuonekana kwenye ndege ya Rais wala kwenye meza ya wageni. Alifariki Julai 2004 na kuzikwa Kabarak.

Chukua mambo mawili hapo. La kwanza, nchi haikuanguka kwa kukosa Mama wa Taifa. Wafalme walikuja wakala karamu Ikulu, sikukuu za kitaifa zilisherehekewa, bendera ilipanda. Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba serikali haiwezi kwenda bila ofisi hiyo. Ilienda.

La pili linauma zaidi. Lena aliolewa na mtu aliyekuja kuwa Rais wa Kenya kwa miaka 24, na watoto waliozaliwa enzi hiyo wengi hawakujua sura yake. Kama cheo kinatoka kwa ndoa, kinaondoka na ndoa. Unaweza kulea watoto wanane, kumsindikiza mtu kutoka ubao wa darasa hadi umakamu wa rais, halafu historia ikakupa aya moja. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Lena alikuwa kata, na alikwenda na siri yake.

Lucy, aliyekataa kunyamaza

Ukimtaja Lucy Kibaki, watu wa rika letu wanakumbuka kofi tu. Basi tuanze na kabla ya kofi. Alizaliwa 1936 Mukurweini, akasomea Alliance Girls, akawa mwalimu enzi ambazo wasichana wachache sana walifika hapo. Desemba 30, 2002 mumewe aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani. Mwaka uliofuata, wakati afya ya Rais ilikuwa gumzo la nchi nzima, Lucy ndiye alisimama mlangoni. Nyumbani kwenu mgonjwa akiwepo, nani huamua mgeni yupi aingie? Sasa fanya hiyo nyumba iwe Ikulu, na mgeni awe waziri.

Mwisho wa Aprili 2005, jirani yao Muthaiga, mkuu wa Benki ya Dunia nchini aliyekuwa akiondoka, alifanya sherehe ya kuaga. Muziki ulikuwa juu. Lucy alienda mwenyewe kuwaambia wazime. Magazeti yakaandika. Usiku wa Mei 2 akaingia Nation Centre na walinzi, akakaa kwenye chumba cha habari kwa saa kama tano, akampiga kofi mpiga picha wa KTN aliyekuwa akimrekodi. Ilipokucha ilikuwa Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Mpiga picha alienda kortini na kesi haikufika popote.

Sikiza, mathe wangu pia angeenda kugonga mlango wa jirani mwenye muziki saa sita usiku. Hata wako. Sehemu hiyo ya hadithi siioni kuwa wazimu, ingawa ndivyo wengi walivyomwita. Lakini mathe hana askari wa serikali nyuma yake, na akimpiga mtu kofi atalala seli. Hapo ndipo tatizo liko. Hasira ilikuwa ya nyumbani, lakini nguvu ilikuwa ya serikali.

Halafu ikaja Machi 2009. Rais Kibaki aliita wanahabari Ikulu, Lucy akiwa kando yake, kutangaza kwamba ana mke mmoja tu. Januari ya mwaka huo huo yeye mwenyewe alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Wakenya karibu milioni kumi walihitaji chakula, na kikao cha Ikulu kilikuwa cha mambo ya ndoa. Ilitazamwa na nchi nzima, watu wakacheka wiki nzima. Mimi siku hizi najiuliza tulikuwa tunamcheka nani. Mwanamke alikuwa akidai jina lake mbele ya kamera, kwa sababu hakukuwa na karatasi nyingine yoyote iliyolilinda.

Alifariki London, Aprili 2016.

Margaret na saa saba za London

Baada ya Lucy akaja Margaret Kenyatta, na nchi ikapumua. Mpole, hagombani na mtu. Januari 2014 alizindua Beyond Zero, kampeni ya kupunguza vifo vya akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Takwimu za wakati huo zilikuwa za kutisha: utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha akina mama 362 walifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Aprili mwaka huo akakimbia marathoni ya London, kilomita 42, akamaliza kwa zaidi ya saa saba. Hakushinda kitu, lakini alifika. Pesa zilizochangwa zilinunua kliniki tamba, lengo likiwa kila kaunti kati ya 47 ipate yake.

Mimi sina ubaya na hiyo. Mwanamke aliyejifungulia ndani ya kliniki hizo hana haja na mjadala wangu wa Katiba. Lakini baada ya miaka michache ripoti zilianza kutoka kwamba baadhi ya magari hayo yameegeshwa tu, hayana mafuta, hayana wauguzi. Ukiuliza kaunti, gari ni la mradi wa Mama wa Taifa. Ukiuliza mradi, afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Mgonjwa anabaki katikati.

Hapa Kakamega tulikuwa na mpango wetu pia, ule wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanza enzi za Gavana Oparanya. Mama maskini alipewa pesa kwa awamu akienda kliniki, akijifungulia hospitalini na akimaliza chanjo za mtoto. Haukuwa mkamilifu. Lakini ulikuwa kwenye bajeti ya kaunti, na bunge la kaunti lilikuwa na haki ya kuuliza kila shilingi imeenda wapi. Tofauti haiko kwenye wema wa moyo. Iko kwenye daftari.

Siku mlipoifuta ofisi

Unakumbuka Juni 2024 ulikuwa wapi. Mimi nilikuwa barabarani hapa mjini, na kibango na chupa ya maji. Bunge likaingiliwa Juni 25, watu wakafa, Mswada wa Fedha ukatupwa. Kisha Julai 5 Rais Ruto akasimama Ikulu akatangaza kwamba mafungu ya bajeti ya ofisi ya Mama wa Taifa, ya mwenzi wa Naibu Rais na ya mwenzi wa Mkuu wa Mawaziri yamefutwa.

Marafiki zangu walishangilia. Nami nilishangilia. Kisha mathe, ambaye alikuwa akichambua mboga za mrenda, akauliza bila kuinua kichwa, "Sasa hiyo kazi imeisha, ama ni pesa tu imetoka kwa karatasi?"

Sikuwa na jibu. Fikiria hilo swali vizuri. Mkewe Rais ataendelea kuzindua miradi, kupokea wageni, kuongoza maombi. Hilo halizuiliki, na pengine halifai kuzuiwa. Ila kazi inayofanywa bila fungu la bajeti bado inalipiwa na mtu. Shirika fulani, mfadhili fulani, idara fulani. Pesa ikiwa kwenye bajeti, angalau Mkaguzi Mkuu anaweza kuiulizia. Ikitoka kwa rafiki wa Ikulu, rafiki huyo atataka nini baadaye? Tulidai gharama ipungue, na tulikuwa sawa. Tulisahau kudai tuone.

Aprili 2025 jambo hili lilirudi nyumbani kabisa. Wasichana wa Butere walienda Nakuru na mchezo wao, Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Tarehe 10 waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani, nje polisi wakarusha vitoa machozi. Nilitazama zile sare kwenye simu nikawaza kwamba Mama wa Taifa aliwahi kuivaa sare ya shule hiyo hiyo. Kama ushawishi wa kitandani upo kweli, ule tunaosimuliana saluni, hiyo ndiyo siku ungefaa. Lakini mazungumzo ya chumbani hayana kumbukumbu za mkutano. Yakisaidia, huwezi kushukuru. Yasiposaidia, huwezi kulaumu.

Majirani wanafanyaje?

Vuka Busia uingie Uganda. Janet Museveni aligombea ubunge wa Ruhaama akashinda 2006, akawa Waziri wa Karamoja, na tangu 2016 akapewa Wizara ya Elimu. Unaweza kusema ni familia moja inayogawana serikali, na utakuwa na hoja. Lakini mwalimu wa Uganda akigoma, anajua jina la waziri wa kumpigia kelele.

Tanzania, Salma Kikwete alianzisha taasisi ya WAMA akiwa Ikulu, na baadaye akaingia bungeni. Halafu Machi 2021 Samia Suluhu Hassan akawa Rais, na ghafla nyumba ikageuka. Mumewe, Hafidh Ameir, ni mtaalamu wa kilimo mstaafu. Lini umesikia anaulizwa amevaa nini? Lini amedaiwa azindue mradi wa akina mama na watoto? Mzee yuko zake, hadaiwi chochote. Hapo ndipo unagundua "Mama wa Taifa" haikuwa kazi ya mwenzi wa Rais. Ilikuwa kazi ya mwanamke, ile ile ya kupokea wageni, kulea na kutabasamu, ila sasa na msafara wa magari.

Weka mezani

Kwa hivyo msimamo wangu ni upi? Sitaki mkewe Rais anyamazishwe. Nimelelewa na mwanamke mwenye ushawishi bila cheo, na bila yeye hata mwaka ule mmoja wa chuo nisingeuona. Sitaki pia tuwahukumu kwa ndoa zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ninachotaka ni sheria ya chama cha mathe, na aliyeieneza nchi hii kuliko wengi ni Rachel Ruto mwenyewe. Weka mezani. Kama kazi ipo, iandikwe ni ipi. Kama pesa zipo, zihesabiwe kwa sauti. Kama wafadhili wapo, majina yasomwe. Chama cha wanawake wa Amalemba kinaweza, tena bila kompyuta. Ikulu inashindwa na nini?

Na usiishie Ikulu. Kuna kaunti 47 na karibu kila gavana ana mke mwenye mradi. Siku moja watakuja uwanja ulio karibu na kwenu, na hema, na spika, na fulana za bure. Chukua fulana, sikukatazi. Halafu inua mkono uulize maswali matatu: pesa zimetoka wapi, nani anaandika, na daftari tutaliona lini?

Mathe amemaliza kulipa ule mkopo wangu. Jumapili hiyo nilimsindikiza hadi mlangoni mwa chama. Katibu alisoma jina lake, akasoma kiasi, akapiga mstari. Akina mama wakapiga makofi. Jina lililokuwa kwenye karatasi, safari hii, lilikuwa lake.